Shangazi, nauza mchele na siwezi kuacha kuutafuna mbichi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, watoto wawili, nauza nafaka huku Mbagala. Shida yangu natafuna mchele mbichi. Nilianza nikiwa na mimba ya huyu mdogo, sasa ana mwaka na nusu na bado sijaacha, nikikaa dukani mkono unaenda wenyewe kwenye kiroba, hadi kwenye pochi natembea nao. Jino limeshameguka. Mume wangu anasema ni utoto, wifi kila siku ananiuliza kama nina mimba. Niliingia challenge ya siku 21 kwenye grupu la WhatsApp nikaanguka hata wiki mbili hazijaisha. Nifanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Kwanza pole na hilo jino, alafu punguza kujichukia maana barua yako nzima unajisema utadhani umeiba. Wanawake wanaotafuna mchele ni wengi kuliko unavyodhani, na wale wa udongo wa pemba ndo usiseme, sokoni unauzwa mchana kweupe, na wangekuwa hawanunui usingeuzwa.

Sasa kabla hatujafika kwenye tabia, kapime damu. Nakwambia hivi kwa sababu watu wenye hamu ya mchele mbichi, udongo au barafu mara nyingi wakipimwa wanakutwa wamepungukiwa madini chuma. Wewe umebeba mimba, umejifungua, umenyonyesha, na kama hedhi yako ni nzito (hujaniambia, ila jiulize) basi hiyo chuma imetoka wapi na imerudishwa na nani? Na ajabu ni kwamba mchele unaoutamani haukupi hiyo chuma, unashiba tu wanga. Nenda kituo cha afya, waambie wakupime wingi wa damu, na kama wanacho kipimo cha akiba ya chuma wakupime na hicho, maana akiba inaweza kuwa imeisha na damu bado inasoma vizuri. Kwa mwanamke asiye na mimba HB (ndo hicho kipimo cha wingi wa damu) chini ya 12 ni upungufu. Wakuangalie na minyoo. Na mimba pima tu, wifi siyo daktari ila kupima hakuna hasara.

Wakikupa vidonge vya kuongeza damu meza kama walivyokuelekeza, choo kitakuwa cheusi usishtuke. Ila chai, jamani chai! Sisi ugali na maharage tunashushia chai ya rangi alafu tunashangaa damu haipandi, chai inazuia chuma isifyonzwe, isogeze mbali na chakula na mbali na kidonge, badala yake kula chungwa au kamulia limau. Dagaa, maini na nyama vinasaidia. Wapo ambao wakianza dawa hamu inakata ndani ya wiki chache tu, wengine hata kabla damu yenyewe haijapanda, na mtu kama huyo ungemwambia ajikaze kwa challenge ungekuwa unamtesa bure. Lakini usijinunulie vidonge bila kupima, siyo kila upungufu wa damu ni wa chuma.

Haya, sasa tuseme damu imekaa sawa na mkono bado unaenda. Hapo ndo kuna tabia kweli, na tabia yako ina kiti chake: umekaa pembeni ya kiroba kilichofunguliwa, hakuna mteja, mikono haina kazi. Hamisha kiti. Sitanii, kaa upande wa mizani, viroba vifunike, mchele wa pochi utoe leo leo. Alafu nyuma ya daftari la madeni weka alama kila unapojikuta unatafuna na uandike saa, siyo ya kujihukumu, ni ya kujua, maana nusu ya muda hata hujui kama umeanza. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, Azrin na Nunn, walitoa njia ya kutibu tabia za namna hii kama kung'ata kucha, na inaanzia hapo hapo: ujikamate mapema, alafu mkono au mdomo uupe kazi nyingine ambayo haiwezekani kufanyika pamoja na ile mbaya, ukae nayo dakika kadhaa mpaka hamu ipite. Kwako inaweza kuwa jojo isiyo na sukari mdomoni (upande wenye jino zima) na mkono umeshika kalamu au unafunga vifuko vya robo kilo.

Hiyo siku 21 mimi siiamini. Watafiti wa London walifuatilia watu 96 wanaojijengea tabia mpya, matokeo yakatoka mwaka 2009, wastani ukawa siku 66, kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa hadi 254, na waliokosa siku moja hawakuharibu kitu. Kwa hiyo ulivyoanguka kwenye challenge ulitakiwa kesho yake uendelee tu, na nadhani kilichokutoa siyo mchele, ni aibu ya kuandika kwenye grupu kwamba umekula. Toka kwenye hilo grupu.

Mumeo mpe karatasi ya majibu ya damu asome mwenyewe, mwanaume anayesema utoto akiona namba huwa anatulia, na mwambie kazi yake ni moja tu, akikuona unatafuna akuite jina, asikuhubirie. Jino kalione wiki hii hii, likishameguka hivyo punje ngumu inaweza kulipasua hadi kwenye mzizi na kung'oa ni pesa na maumivu. Majibu ya damu yakitoka niandikie, uniambie na hedhi yako ikoje, maana kama ni nzito kuna jambo lingine inabidi waliangalie kwenye kizazi.