Matumbawe kugusana kwenye tenki: nani akae na nani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi niko Iringa mjini, nina tenki la maji ya chumvi la lita 400, huu ni mwaka wa pili sasa. Nimechoka kuangalia mawe matupu, nataka matumbawe yajazane hadi yagusane kama bustani. Matumbawe niliyonayo, kwa majina yetu ya mtaani, ni hama mbili, tochi moja, Galaxea, ubongo mmoja wa kijani, zoa za rangi nne, uyoga na ngozi kubwa moja. Sasa ubongo umeanza kuwa na mstari mweupe upande mmoja na wala haugusani na chochote, jirani wa karibu ni Galaxea, yuko kama sentimita 12. Mume wangu anasema ni taa. Ni kweli ni taa? Na nikiyasogeza yagusane yatauana?

JIBU: Kamwene dada. Kwanza mwambie shemeji taa haina kosa. Taa ikizidi tumbawe linapauka juu, pale mwanga unapolipiga, haliwezi kupauka mstari mmoja pembeni tena upande ule ule unaomwangalia jirani. Hicho ni kidonda cha kuchomwa na aliyechoma ni huyo Galaxea, we unamuona mpole kwa sababu unamwangalia mchana.

Fanya hivi leo leo. Zima taa kama kawaida, acha masaa mawili matatu yapite, kwenye saa tano usiku hivi chukua tochi (ya kumulika, sio ile ya kwenye tenki), ifunge na nailoni nyekundu mbele maana mwanga mwekundu hauyashtui sana, afu mulika kutoka pembeni. Utaona kwa Galaxea kuna minyiri imerefuka kupita mingine yote, labda mitatu labda kumi, myembamba kama uzi wa cherehani, ina kadoa keupe kwenye ncha, inapepea kufuata maji yanakoenda. Hako kadoa ndo kamejaa chembe za kuchoma. Usiku mzima inapapasa papasa, ikikutana na nyama ya mwenzake inachoma, ukiamka asubuhi imerudi ndani na we unabaki kulaumu taa. Mi nimeshamuona Galaxea mmoja anavuta mnyiri karibu sentimita 30, pampu ilikuwa inausukuma, kwa hiyo 12 yako kwake ni kama kunyoosha mkono mezani kuchukua chumvi.

Sasa hilo la kugusana. Watu wengi wanadhani tumbawe ni kama ua, ukilibana linakua upande mwingine basi. Ni mnyama, tena mnyama asiyeweza kuhama, na asiyeweza kuhama anapigania kiwanja chake. Na hiyo minyiri ya usiku ni silaha ya mbali tu. Wakigusana kuna nyingine mbaya zaidi, tumbawe linatoa nyuzi za tumboni, zile zile linazotumia kusaga chakula, linazitolea nje kupitia mdomoni au ubavuni na kuzilaza juu ya jirani, yaani linammeng'enya akiwa hai, kesho yake unakuta mfupa mweupe. Judith Lang aliyekuwa anafanya utafiti Jamaika aliieleza vizuri hii kitu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kilichoshangaza ni kwamba wanaokua polepole ndo mara nyingi wakali kwa njia hii, ndo maana miamba haijatekwa yote na wale wanaokua haraka. Kwa hiyo huo ubongo wako usiuonee huruma sana, ungekuwa umemgusa hama pengine ungemla vizuri tu.

Ila jibu sio "hapana". Jibu ni nani na nani. Kanuni ninayotumia mimi ni ya ukoo, kadiri wanavyokaribiana undugu ndo uwezekano wa kukaa pamoja unakuwa mkubwa, japo kuna ndugu hawapatani, kama kwetu tu.

Hama na hama gusanisha bila wasiwasi, hata za rangi tofauti. Hama na mayai ya chura (tumbawe jingine linalofanana naye) nao kwa kawaida wanapeana mikono. Tochi sasa hapo ndo watu tunaumia. Tochi na tochi wanaweza kukaa, tochi na hama HAPANA. Mi nilijifunza kwa hasara, miaka ya mwanzo kabisa nikiwa na tenki la mteja hapa Mbeya, nilikuwa na hama ya vichwa vinne nikaigundisha na tochi ya dhahabu bega kwa bega kwa sababu kwenye picha ilipendeza, na wiki mbili za kwanza ilipendeza kweli mteja anapiga picha anatuma kwa ndugu zake. Wiki ya tatu kichwa cha karibu kikawa hakifunguki. Nikasema labda maji, nikapima chumvi 1.025, joto 25, kila kitu sawa. Siku mbili baadaye nyama imerudi nyuma mfupa unaonekana na juu yake kuna ute wa kahawia kama uji wa ulezi ulioharibika, nilivyotoa nje harufu yake dah. Ule ute unasambaa, tulibaki na kichwa kimoja kati ya vinne. Tochi? Mzima wa afya. Baadaye ndo nikaja kujua wataalamu wa kupanga majina ya viumbe wamewahamishia hama na mayai ya chura kwenye jenasi (kundi la ukoo) yao, Fimbriaphyllia, tochi akabaki upande wa Euphyllia. Kumbe tulikuwa tunawaita ndugu kwa sababu wanafanana nguo.

Zoa zako za rangi nne, hao ndo bustani yako dada, wachanganye. Hawachomani kwa maana ya kuuana, tatizo lao ni mbio tu, wa rangi moja atakua haraka atawafunika wa polepole, kwa hiyo yule unayempenda sana mwekee jiwe lake. Uyoga vile vile unaweza kugusana na uyoga mwenzake, ila usimbananishe na tumbawe gumu maana huwa anashinda kimya kimya. Halafu hili la zoa nalisema kila siku, wana sumu inaitwa palitoksini, ukikata vaa glavu na miwani, na usije ukachemsha jiwe lenye zoa eti unalisafisha, mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali huko nje. Siongezi chumvi.

Njia nyingine ya kupata jiwe lililojaa bila vita ni kukata tumbawe moja vipande vidogo ukavigundisha karibu karibu, sentimita moja au mbili hivi kwa gundi ya supa glu ya jeli. Kwa kuwa wote ni mwili mmoja, wakikutana hawapigani, wanaungana wanakuwa kitu kimoja tena, na jiwe linajaa haraka kuliko ungeweka kipande kimoja kikubwa. Mbinu hii mtafiti David Vaughan aliitumia sana kule Florida kwenye kurudisha miamba iliyokufa. Ila lazima viwe vimetoka kwenye tumbawe LILE LILE. Ukichukua wawili wa aina moja lakini wa mama tofauti, mara nyingi hawaungani, wanachora mpaka katikati, kama kituta kidogo hivi. Sio vibaya, mi naupenda huo mpaka, na ukizamia Mafia utaiona mingi kwenye miamba.

Na usiseme basi kama baharini yanagusana na kwangu yatagusana tu. Baharini anayepigwa anakufa robo na hakuna anayelia, na maji ya kule hayaishi. Kwako ni lita 400 zinazozunguka mle mle. Hapo ndo nakuja kwa hiyo ngozi yako kubwa, ambayo hujauliza lakini ndo inanitia wasiwasi. We ni mtu wa Iringa unaijua milingoti (mikaratusi), nenda Mufindi uangalie chini ya shamba la milingoti kama kuna maharage yanaota. Tumbawe la ngozi ni mlingoti wa kwenye tenki. Halina minyiri ya kuchoma mbali, lenyewe linamwaga kemikali kwenye maji, na aliyeko kona ya pili kabisa anaweza kudumaa bila kuguswa na mtu. Dawa yake ni kaboni ya filta, weka kwenye mfuko, pitisha maji humo, badilisha kila wiki tatu nne, hasa siku ambazo ngozi imejifunga inang'aa kama imepakwa nta, inakuwa inajichuna hiyo. Na nimesema kaboni ya filta, kuna bwana aliniuliza kama mkaa wa kuchomea nyama unafaa. Haufai, utaleta majivu na shida nyingine.

Kwa hiyo kwako ningepanga hivi: Galaxea mtoe kabisa pale, mpeleke mwisho wa tenki maji yanakoishia, awe na sentimita 30 wazi kila upande, na pampu isipulize kutoka kwake kwenda kwa wengine. Tochi naye peke yake, mpe sentimita 15. Hama mbili zikae zimegusana katikati, hiyo tayari ni kichaka kizuri usiku na mchana. Jiwe la mbele lote zoa, la pembeni uyoga. Ngozi iende nyuma. Ubongo ubaki ulipo ila geuza kidonda kitazame maji yanayotembea taratibu, nyama ikibaki nzima pembeni italifunika tena lile jeraha polepole, mwani ukiwahi kuota pale kwenye mfupa usisugue na mswaki mgumu. Na ukipanga acha nafasi ya mwaka mmoja mbele, sio ya leo, hama ya vichwa viwili haikai viwili.

Kitu kingine cha huku kwetu juu ambacho wa Dar hawakifikirii. Iringa mko kama mita 1,600, sisi Mbeya 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka kwenye maji ni pungufu kwa asilimia kati ya 15 na 20 ukilinganisha na pwani kwenye joto lile lile. Usiku matumbawe nayo yanavuta oksijeni, na ukishayajaza mpaka yamegusana maji hayapiti vizuri katikati yao. Skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu) isizimwe usiku eti inapiga kelele, na pampu moja iwe ya betri kwa zile siku umeme unakatika. Mwezi wa sita na wa saba hita nayo iangalie.

Ukitaka kuongeza matumbawe, nunua vipande vilivyokuzwa kwenye tenki. Usimwagize mtu akuvunjie baharini akutumie na basi, na ukiagiza nje ya nchi magumu yote yako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yanataka kibali.

Basi ukishamulika leo usiku nihesabie hiyo minyiri ya Galaxea ni mingapi, na mwambie shemeji ashike tochi.