Spika inaitika, jibu haliji

SWALI: Ndugu Mhariri, spika janja yetu ya sebuleni inanichanganya. Nikiitaja kwa jina lake taa yake huwaka papo hapo, lakini baada ya kitambo huniambia kwamba haipati intaneti. Muziki nao hukatika katikati ya wimbo, kisha hurejea wenyewe. Simu yangu, inayotumia Wi-Fi hiyo hiyo, haina tatizo lolote. Nimekwisha kulipia kifurushi chenye kasi kubwa zaidi, na hali ni ile ile. Je, spika imeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako spika ni nzima, na kasi uliyoiongeza haikuwa na kazi ya kufanya. Wimbo unaopigwa kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban theluthi moja tu ya megabiti, na sauti yako unapouliza swali huhitaji pungufu ya hapo. Spika haidai kasi. Inachodai ni mawasiliano yasiyokatika.

Una mashahidi wawili, na wote wawili wanapotosha. Taa huwaka kwa sababu spika hulitambua jina lake yenyewe, bila msaada wa intaneti. Ni maneno yanayofuata ndiyo ambayo kwa kawaida hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ili yafasiriwe. Simu nayo, Wi-Fi inapolegea, mara nyingi huhamia kimyakimya kwenye data ya laini yako, nawe ukaamini kwamba Wi-Fi ni njema. Kwa hiyo zima data ya simu, simama pale pale ilipo spika, wala si karibu na ruta (kile kifaa kinachorusha Wi-Fi), ndipo ujaribu tena.

Jaribio lenye faida kuliko yote ni lile linalotenganisha vipande viwili vya safari: kutoka sebuleni hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi nje. Chukua kompyuta inayotumia Wi-Fi, iweke kando ya spika, fungua dirisha la amri, kisha uandike ping (amri inayopima iwapo kifaa kingine kinajibu, na kwa muda gani), nafasi, na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa hicho. Fungua dirisha la pili ufanye vivyo hivyo kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Kwenye Windows ongeza nafasi na -t mwishoni, la sivyo amri hukoma baada ya majaribio manne. Acha yote mawili yaendelee hadi spika ikwame. Ruta ikijibu ndani ya milisekunde chache huku majibu ya nje yakipotea, kosa liko nje ya nyumba: andika saa na dakika, umpigie mtoa huduma, na usiiguse spika. Majibu ya ruta yenyewe yakipotea, au yakichelewa mamia ya milisekunde, basi ugonjwa ni wa Wi-Fi.

Nakisia kwamba utakuta hali hii ya pili. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5 chini ya jina moja. Yale ya 5 ni ya kasi lakini hudhoofika upesi yanapokutana na kuta. Yale ya 2.4 hufika mbali, ila hugombaniwa na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Spika iliyo mbali na iliyong'ang'ania gigahezi 5 hukatika kama ulivyoeleza. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uyape mawimbi hayo majina mawili tofauti, uiunganishe spika na yale ya 2.4, kisha uchague chaneli (njia ndogo ndani ya mawimbi hayo) ya 1, 6 au 11, kwani hizo tatu haziingiliani. Iwapo spika imefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, itoe humo kabla ya kufanya lolote kati ya hayo.

SWALI: Nimebadilisha ruta, na sasa spika haiunganiki kabisa. Nifanye nini?

JIBU: Ipe Wi-Fi ya ruta mpya jina na nywila za ile ya zamani, herufi kwa herufi, mara nyingi spika itarudi yenyewe. Isiporudi, angalia aina ya ulinzi wa Wi-Fi kwenye mipangilio ya ruta, kwani spika nyingi za zamani haziielewi ile mpya iitwayo WPA3, hivyo chagua WPA2, iliyoitangulia, au mchanganyiko wa zote mbili. Usiiweke kwenye mtandao wa wageni ilhali simu iko kwenye mtandao mkuu, maana mitandao hiyo hutenganishwa kwa makusudi na simu haitaiona spika.

SWALI: Kuizima na kuiwasha ruta hunisaidia kwa siku moja tu. Je, niendelee hivyo?

JIBU: Kuendelea hakudhuru, ila kunaficha chanzo. Ruta nyingi zinapowashwa huchagua chaneli upya, hivyo nafuu ya siku moja huenda ni nafuu ya chaneli tu. Siku itakapokwama tena, kabla ya kuizima, tazama kwenye mipangilio iko chaneli ipi; iwashe upya, utazame tena. Namba ikiwa imebadilika, zima uchaguzi wa kiotomatiki na uifunge kwenye hiyo mpya. Ikiwa haijabadilika, tafuta sasisho la programu ya ruta kwa mtengenezaji wake.