Maswali na majibu: Faili linafunguka, mbona linakataliwa?

Kaka, faili langu la XML (data iliyowekwa ndani ya tagi, yaani alama kama `<uzito>`) la marobota ya katani linafunguka vizuri kwenye brauza, lakini tuliowatumia wamelirudisha. Kosa liko wapi? (Karani, Ngamiani, Tanga)

Dada, brauza inaangalia umbo tu: kila tagi iliyofunguliwa ifungwe, tagi zisipishane, mzizi, yaani tagi ya nje inayobeba zote, uwe mmoja. Haijali kama robota limekosa uzito au limeandikiwa mara mbili. Hayo ni kazi ya skima, faili la kanuni za nini kiwemo na kwa namna gani. Kabla hujatuma, ita programu ya ukaguzi, xmllint, kwa amri hii: `xmllint --noout --schema katani.xsd mzigo.xml`, itakutajia mpaka mstari wenye kosa.

Skima ya aina ya DTD inanitosha, au nihamie ya aina ya XSD? (Chumbageni)

Kwa kitabu au makala, inatosha. DTD ilirithiwa kutoka SGML, mtangulizi wa XML, kiwango cha mwaka 1986 kilichotungwa kwa ajili ya nyaraka za maandishi. Lakini haijui namba wala tarehe. Niliwahi kupokea orodha ya mizigo yenye `3/4/2023`. Mwandishi alimaanisha tarehe 3 Aprili, programu ikasoma tarehe 4 Machi, na DTD ilikuwa imeipitisha kama maandishi mengine yoyote. Tulishinda kutwa tukipekua daftari la ghala, robota kwa robota. XSD, iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001, ina aina ya `xs:date`, nayo inataka `2023-04-03`. Ile ya mikwaju ingegoma pale pale. Kwa mzigo unaokwenda bandarini, tumia XSD, tafadhali.

Shikamoo. Nimeweka `minOccurs="0"` kwenye uzito, maana marobota mengine hayajapimwa. Bado yanakataliwa. (Pangani)

Marahaba. Nimeliona faili lako: umeandika `<uzito></uzito>`, ndani hamna kitu. Sifuri ile inaruhusu tagi isiwepo kabisa, hairuhusu iwepo tupu. Tupu si namba ya desimali, kwa hiyo skima ina haki kuikataa. Iondoe tagi yenyewe. Ukitaka ibaki ili msomaji ajue uzito unasubiriwa, weka `nillable="true"` kwenye skima na `xsi:nil="true"` kwenye tagi. Mimi napenda hii ya pili, kwa sababu karani wa zamu inayofuata anaona wazi kuwa kuna robota la kupelekwa mizanini.

Naweza kuzuia tarehe ya kusafirisha isitangulie ya kufunga robota? (Muheza)

Kwa XSD 1.0, hapana. Toleo la 1.1 la mwaka 2012 linaweza, kwa `xs:assert`, ila xmllint hailisomi. Jaribu Schematron, lugha nyingine ya kuandikia kanuni za faili la XML: sharti lenyewe ni mstari mmoja, na ujumbe wa kosa unauandika mwenyewe, kwa Kiswahili ukipenda.