Uingereza imetoka, sheria imebaki

Mwanangu,

Unauliza kama kuna maana kuchukua somo la sheria ya Umoja wa Ulaya hapo Uingereza, wakati nchi yenyewe ilishajitoa tangu 31 Januari 2020 na wenzako wanasema ni kujisomea historia. Lichukue.

Wanadhani nchi ikitoka, sheria nayo hufungasha. Bunge lao lilizibakiza nyingi kwa sheria ya 2018, maana bila hivyo wangeamka hawana kanuni za mambo chungu nzima. Mwaka 2024 ulipoanza zilivuliwa ukuu juu ya sheria za nchi, lakini nyingi zinatumika hadi leo. Wakili asiyejua zilikotoka atazifasiri vipi?

Ile kesi ya Factortame uliyonisimulia likizo niliipenda. Wenye boti za uvuvi, Wahispania, wanaibana sheria ya Bunge la Uingereza ya 1988 kwa sheria ya Ulaya, mpaka mahakama za Uingereza zenyewe zinaiweka kando! Wavuvi wa Kibirizi nikiwahadithia hawaamini.

Kwangu mambo haya ni ya kila siku. Saruji inayokwenda Bujumbura naitoa forodhani kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, iliyotungwa na Bunge la Jumuiya, si la Dodoma. Juzi tulibishana na ofisa mmoja juu ya cheti cha asili ya bidhaa, jina la msafirishaji limekosewa herufi moja. Tukafungua kanuni juu ya meza, tukasoma mstari kwa mstari, na mzigo ukapakiwa jioni ile ile.

Halafu sisi wenyewe tumewahi kuvunjika. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977, mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa 1984, na wastaafu wake walikuwa bado mahakamani miaka ya 2000 wakidai mafao. Babu yako wa reli alidai mpaka akachoka. Faili lake ninalo kwenye sanduku la bati, barua zina mhuri wa shirika ambalo halipo tena. Mkataba wa sasa nao una ibara ya kujitoa, kwa notisi ya miezi 12. Siku nchi mojawapo ikiitumia, atatafutwa mtu aliyesoma jinsi Waingereza walivyohangaika tangu kura ya 2016.

Ila ratiba ikigongana na somo la mikataba ya biashara, mikataba kwanza. Ndiyo itakayokulisha.

Baba yako anakusalimu, anasema upokee simu zake.

Mama, Kigoma