Asetoni ya 9.9 na ya 20.3: ipi kali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza mashua za faiba huku Matondoni, na asetoni ndiyo ninayosafishia brashi zenye resini mbichi. Karatasi moja ya kemikali inasema parameta yake ya uyeyukaji ni 9.9, nyingine 20.3. Muuzaji anadai ya 20.3 ni kali zaidi, na bei ameipandisha. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Nunua ya bei nafuu, mradi iwe asetoni kweli. Hizo mbili ni kitu kimoja. Kilichobadilika ni kizio.

Parameta hiyo ya uyeyukaji, iitwayo pia ya Hildebrand, ni kipeuo cha pili cha nishati inayozishikanisha molekuli katika kila sentimita moja ya ujazo. Majedwali ya zamani yalihesabu nishati hiyo kwa kalori, ya sasa kwa juli, na juli moja kwa sentimita ya ujazo ni sawa na megapaskali moja. Ndiyo maana unaona MPa yenye nusu juu yake. Haihusiani na presha ya mkebe! Kalori ni juli 4.184, ila kwa kuwa tuko kwenye kipeuo, zidisha kwa 2.045 tu: 9.9 inakuwa 20.3.

Linaloniudhi hasa ni hili la "namba kubwa, dawa kali". Nalisikia Lamu, nalisikia Malindi, na mafundi wanalilipia. Maji yana 47.9. Mbona hayaondoi rangi ya mafuta kwenye mashua? Kinachotafutwa ni ukaribu wa namba ya kiyeyusho na ya kitu kinachoyeyushwa. Plastiki ya polistireni ina takriban 18.6: toluini yenye 18.2 huiyeyusha, ethanoli yenye 26 huiacha ilivyo. Na ukaribu wenyewe ni mwongozo tu. Mwaka 1967 mwanasayansi Hansen aliigawa parameta hii sehemu tatu, kwa sababu namba moja haitoshi kueleza molekuli zenye ncha za umeme au zinazoshikana kwa hidrojeni. Resini iliyokwisha kuwa ngumu, hakuna namba itakayoiyeyusha. Hiyo ni kazi ya msasa.

Anayekuuzia kwa namba isiyo na kizio hajui anachouza, au anajua na anakupunja. Thina ya chupa ya maji isiyo na lebo iacheni dukani, hata ikisifiwa vipi, maana huwezi kujua imechanganywa na petroli au na nini. Asetoni safi yenyewe hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto letu. Fungua mkebe mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara.