Usiipake spiriti cherehani ya bibi yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amerithi kwa mama yake Singer nyeusi ya mkono iliyokaa stoo miaka mingi, imeshika vumbi na mafuta yameganda. Ameshanunua spiriti na msasa laini, anataka kujua aanze na kipi. Nilimjibu palepale: viweke mbali vyote viwili. Usiku ule sikulala vizuri.

Mimi pia nilirithi cherehani, ya bibi. Kwenye kitako chake bapa palikuwa na picha ya dhahabu ya sfinksi, yule kiumbe wa Misri ya kale mwenye mwili wa simba na uso wa mtu, na maua yaliyopanda hadi shingoni mwa cherehani. Fundi wa siku nyingi, mtu niliyemwamini, aliniambia spiriti inang'arisha kila kitu. Nikachovya pamba, nikasugua. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya chai, nikafurahi nikijua huo ni uchafu wa miaka. Ya pili vilevile. Ya tatu ikatoka na chembe zinazometameta. Nilipoinama kutazama kwenye mwanga, sfinksi hakuwa na uso.

Ile rangi ya chai haikuwa uchafu. Ilikuwa vanishi yenyewe. Cherehani hizi za zamani zilipakwa rangi nyeusi yenye lami, ikaokwa kwenye tanuri hadi ikawa ngumu. Juu yake zikabandikwa nakshi za dhahabu, na juu ya nakshi ikapita shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti ndipo upakike. Kwa hiyo ukiigusa tena kwa spiriti, inarudi kuwa maji, na dhahabu inabaki uchi. Bibi aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta maisha yake yote, basi. Aliijua kuliko fundi yule, na kuliko mimi. Bado inaniuma.

Cherehani yangu ya pili niliipata ikiwa na hali mbaya zaidi, na mwezi uliopita nimeimaliza. Nasema kwa fahari: hakuna ua hata moja lililopotea. Kwenye rangi nilitumia mafuta ya cherehani peke yake, yale meupe mepesi. Kwanza nilijaribu mgongoni, mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka nyeusi, sawa. Ikitoka ya njano au na chembe za dhahabu, simama hapohapo. Nilipaka, nikaacha mafuta yalainishe uchafu, kisha nikafuta taratibu bila kukandamiza, kipande kidogo kwa siku. Penye vanishi inayobanduka sikusugua kabisa. Sabuni ya maji, thina na dawa za kung'arisha chuma zisikaribie nakshi. Vibati vinavyong'aa vifungue kwanza, uving'arishie pembeni.

Gurudumu lilikuwa limekwama kabisa. Hapa ndipo wengi wanavunja kitu, kwa sababu wanalazimisha. Nilitia tone moja la mafuta kila penye tundu na kila panaposuguana chuma kwa chuma, nikaiacha hadi kesho yake, nikarudia. Siku ya nne likasogea upana wa kidole. Mafuta ya taa nayo yanafaa kuyeyusha ugando kwenye vyuma vya ndani, kwa brashi ndogo, lakini yasitiririkie kwenye rangi, na ukimaliza yafute uweke mafuta ya cherehani, maana yenyewe hayalainishi chuma vya kutosha. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yakizeeka yanakuwa gundi, na mara nyingi ndiyo yaliyoikwamisha hiyo cherehani yako.

Jamani, tunarithi vitu vilivyotunzwa na mikono ya watu wavumilivu, halafu tunataka ving'ae kabla ya chakula cha jioni. Cherehani iliyokaa kimya miaka thelathini inaweza kusubiri wiki mbili zaidi. Na msikimbilie kuipaka rangi upya. Rangi mpya inafunika hata kile kidogo kilichobaki, na mimi yangu nimeiacha vilevile, haina uso, ipo mezani ninapoandika.

Msomaji wangu alinisikiliza. Jana jioni kanitumia picha: pamba nyeusi tii, na kando yake, chini ya mkono wa cherehani ya mama yake, jani moja la dhahabu limeanza kuonekana.