Baruti ikikupiga sikioni, usikimbilie kutia mafuta

Kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya dhahabu ya Nzega na Igunga, mkoani Tabora, aliyelipukiwa karibu huambiwa avumilie, sikio litazibuka lenyewe. Huko kusubiri ndiko kunakowapotezea watu usikivu ambao pengine ungeokolewa.

Kinachoumiza ni msukumo wa hewa. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba ya ndani, huanza kuchanika msukumo ukifika takribani kilopaskali 35 (kilopaskali ni kipimo cha msukumo). Kwenye 100 hivi, karibu nusu ya viwambo hupasuka. Ndani ya shimo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa hugonga mwamba na kurudi.

Damu inatisha, lakini tundu la kiwambo ndilo lenye nafuu: mengi huziba yenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi 3. Tunachokihofia zaidi ni koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Zikifa hazioti tena, na huweza kufa bila tone la damu kuonekana.

Jipime hivi: funga mdomo, guna "mmmm" kwa sauti nzito. Mguno ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, huenda shida ni kiwambo au vifupa vilivyo nyuma yake. Ukiegemea sikio zima, shuku koklea, uende hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya kutuliza uvimbe kama prednisolone, daktari akiona vinakufaa, vinataka kuanzwa mapema. Yakiumia masikio yote mawili kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo nenda tu.

Usitie mafuta ya alizeti, maji ya chumvi wala matone ya duka la dawa. Baadhi ya matone yana gentamicin, dawa ya kuua bakteria, ambayo ikipenya tunduni huweza kuua seli zilezile zilizosalia. Usichokonoe, usipenge kamasi kwa nguvu. Ukioga, ziba mlango wa sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Kizunguzungu kikali, uso kupinda, maji maangavu kutoka sikioni au kifua kubana ni dharura: mpeleke mgonjwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tabora mjini, au hospitali iliyo karibu zaidi.

Kwa anayelipua, pamba kavu haisaidii kitu. Viringisha kizibo cha sifongo kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kitanuke.

Tundu likiziba bado pimwa usikivu. Lisipoziba baada ya miezi 3, au sikio likianza kutoa uchafu unaonuka hata mwaka baadaye, muone daktari wa masikio, pua na koo: huenda ngozi imeota kwa ndani, na hiyo huondolewa kwa upasuaji.